Jumapili Nane za Barafu

Mama alipiga simu tarehe 31 Desemba, saa tisa kamili alasiri kwa saa za Minneapolis. Kwao Tanga ilikuwa saa sita ya usiku, mwaka umeingia dakika ile ile. Nyuma ya sauti yake nilisikia vijana wa Sahare wakipiga masufuria na honi za bodaboda zikilia bila kupumzika.

“Heri ya mwaka mpya, mwanangu.”

“Shikamoo, mama. Na kwenu pia.”

“Marahaba. Mkwe wangu yuko wapi nimsalimie?”

“Yuko kazini.”

“Na Krismasi?”

“Krismasi alikuwepo nyumbani. Mimi ndiye nilikuwa kazini.”

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. “Sasa nyinyi mnaishi pamoja,” akasema, “au mnapokezana kitanda?”

Sikuwa na la kujibu, maana alikuwa amesema kweli tupu. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, naingia usiku. Mume wangu yuko ghalani, anaingia alfajiri. Yeye akirudi, mimi navaa viatu. Mambo ya nyumbani tulikuwa tunaandikiana kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji: maziwa yamekwisha, kodi nimelipa, dada yako kapiga simu. Siku pekee tunayokuwa wote ni Jumapili, na Jumapili tulikuwa tunafua nguo, tunafunga mapazia, kila mtu anajikunyata kona yake na simu yake.

Huo ulikuwa msimu wetu wa tatu wa baridi Minnesota. Aliyewahi kuishi huku anajua Januari yake. Jua linachomoza karibu na saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni haijafika limeshazama. Hita inakausha hewa ya ndani mpaka midomo inapasuka, na mkigusana mnapigwa shoti. Gizani cheche unaiona kwa macho. Mafuta ya nazi niliyotumiwa kutoka nyumbani yalikuwa yameganda kwenye chupa kama nta, nayachokonoa kwa mpini wa kijiko. Kule kwetu mwezi huo ni kaskazi, joto, bahari imelala, maembe yanaoza chini ya miti kwa wingi. Sisi tulijifungia tangu Novemba hadi Aprili kama watu wanaosubiri kifungo kiishe.

Nilimweleza mume wangu maneno ya mama. Hakucheka. Ijumaa yake nikakuta karatasi kwenye friji, mwandiko wake wa kiualimu ulionyooka: “Jumapili, saa nne asubuhi, ziwani. Sisi wawili.”

Niseme kwanza kwamba mume wangu ni mtu wa Makete. Amekulia karibu na Kitulo, ambako Juni na Julai unaamka asubuhi unakuta sakitu nyeupe juu ya viazi. Baridi haikuwa kitu cha kumtisha, na mimi mtoto wa pwani niliona nikiwa naye nitakuwa salama. Tulivaa tulivyozoea kuvaa kwenda dukani: jinzi, sweta la pamba, koti, raba. Yeye akaacha kofia nyumbani.

Tulikwenda Bde Maka Ska. Ni ziwa lililo ndani ya jiji, na jina lake ni la Wadakota, wenyeji wa nchi hii. Maana yake Ziwa la Udongo Mweupe. Kwa miaka mingi liliitwa kwa jina la mwanasiasa mmoja aliyetetea utumwa, mpaka jina la asili likarudishwa. Njia ya kulizunguka ni kama kilomita 5, na kiangazi watu hujaa pale kama sokoni. Asubuhi ile ilikuwa digrii 3 za Fahrenheit, yaani kama 16 chini ya sifuri kwa hesabu ya Selsiasi, na upepo unakatiza juu ya barafu hauna cha kuuzuia.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Theluji ya baridi kali haina maji, ukiikanyaga inalia kama unakanyaga unga wa muhogo. Vinyweleo vya puani vinaganda, unavisikia vikishikana kila ukivuta pumzi. Tulikuwa tunazungumza. Kisha tulitembea haraka tukatoka jasho, pamba ikalinywa lile jasho, tukasimama kuangalia watu waliokuwa wanavua, na pale tuliposimama nguo za ndani zikageuka kitambaa cha maji baridi mgongoni. Ubaya wa kuzunguka ziwa ni kwamba ukifika nusu, kurudi na kuendelea ni sawa.

Mume wangu alilalamika sikio linamuuma. Baadaye akasema haliumi tena, nami nikafurahi. Huo ndio ujinga nilioulipia: kwenye baridi, maumivu yakikoma ghafla bila kupata joto, hapo ndipo pa kuogopa, maana damu imeondoka. Nililiangalia sikio lake, nikaona limepauka. Nikadhani ni kupauka kule tunakokujua, ngozi inayotaka mafuta. Nikatoa mafuta mfukoni nikampaka, nikamsugua kwa nguvu, tena kwa glavu.

Ndani ya gari tukawasha hita mpaka mwisho na akalielekeza sikio kwenye tundu la hewa moto. Aliumia kiasi kwamba machozi yalimtoka, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia kwa maumivu. Jioni sikio lilivimba, likatoa lengelenge, na ngozi ikawa inabambuka kwa siku kumi. Tuligombana njia nzima. Nilimwambia alitaka kuniua kwa ubishi wake wa Makete, akaniambia nilikuwa nimemwangalia na sikuona kitu. La kwanza nilisema kwa hasira. La pili lilikuwa kweli.

Vipeperushi vingi vinavyoeleza ngozi kuganda vimeandikwa kwa kufikiria ngozi nyeupe: kwanza inakuwa nyekundu, halafu nyeupe. Kwenye ngozi yetu hutaona wekundu. Utaona rangi imefifia, kijivu, kama mtu amepakwa majivu kidogo, na ukigusa pamekuwa pagumu na baridi kama nta. Usisugue. Usipeleke kwenye moto wala hita, kwa sababu mahali hapo hapasikii na pataungua bila mwenyewe kujua. Weka kiganja chenye joto, au ingiza vidole kwapani, au maji ya uvuguvugu yasiyomchoma mkono mwingine. Palipobaki pagumu au pasipohisi kitu, nenda hospitali. Haya ningependa kila Mswahili anayeshuka kwenye ndege Desemba aambiwe pale pale uwanjani.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja ninayemhudumia usiku, amevuka miaka tisini, alikulia shambani kaskazini mwa jimbo. Usingizi wake mwepesi, huwa tunazungumza. Nilipomweleza habari za sikio alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Mlikuwa mnaangaliana?”

Nikamwambia tulikuwa tunatembea pamoja.

“Sikuulizi hilo. Uso wako huwezi kuuona mwenyewe, na pua ikiganda haikwambii. Mimi na mume wangu tulikuwa tunakwenda kukamua ng'ombe gizani, tukisimama kila baada ya muda. Yeye anaangalia pua yangu na mashavu, mimi yake. Miaka hamsini na mbili.” Akavuta blanketi lake. “Kuna siku tulikuwa hatusemeshani kabisa, lakini pua tuliangaliana.”

Niliandika hayo kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji, bila kuongeza neno. Niliporudi asubuhi iliyofuata, chini yake mume wangu alikuwa ameandika: “Jumapili twende tukanunue nguo.”

Kwa hiyo matembezi yetu ya pili yalikuwa duka la mitumba. Tulikaa humo saa tatu. Nilikumbuka makoti mazito niliyokuwa nayaona kwenye marobota nyumbani, nikijiuliza nani huvaa kitu kama hicho. Sasa nilikuwa nayapapasa mimi kama mama wa sokoni, napindua pindo kuona bitana. Mabuti yenye soli nene, nguo za ndani ndefu za sufu, kofia za sufu zinazofunika masikio, skafu. Sufu ikilowa jasho bado inakutunza. Pamba ikilowa inakusaliti. Glavu zinazofaa ni zile zisizotenganisha vidole, vidole vinakaa chumba kimoja vikipashana joto. Wote wawili tulivikwa kwa dola tisini na kidogo. Mtu aliyetoka nyumbani juzi hununua televisheni kubwa kwanza, koti baadaye, nasi tulifanya hivyo hivyo. Nawasihi mnaokuja: anzeni na miguu.

Jumapili ya tatu sikio lilikuwa bado bichi, kwa hiyo tulitafuta mahali pa ndani. Saint Paul, ng'ambo ya mto Mississippi, kuna bustani ya Como, na ndani yake jumba la vioo lililofunguliwa mwaka 1915 kwa ajili ya mimea ya nchi za joto. Kiingilio hakuna, kuna sanduku la kutia unachojaliwa. Nje kila kitu cheupe. Ukivuta mlango, miwani ya mume wangu ikaingia ukungu papo hapo akasimama kama kipofu, na mimi nikapigwa na harufu ya udongo uliolowa. Ilikuwa ile harufu ya mvua ya kwanza ya vuli inapogonga vumbi la uwanjani kwa bibi. Nilishika kifua. Kulikuwa na michikichi na minazi ya namna namna inayofika kwenye kuba la kioo, na mbele kidogo mgomba, jani lake limechanika-chanika lile la kawaida kabisa, ambalo nyumbani nisingeligeuzia shingo. Nilikaa chini yake kwenye benchi nikavua koti, sweta, kila kitu mpaka fulana. Watu walikuwa wanapita, sikujali.

Mume wangu alipotea. Nilimkuta kwenye chumba cha makangaga, mahali penye kivuli na mawe yenye ukungu wa kijani. Alikuwa amesimama tu. Nikasimama naye.

“Haya yako mtoni kwetu,” akasema. “Pale mama alipokuwa ananituma maji. Nilikuwa nayakata naziba mdomo wa ndoo yasimwagike njiani.”

Mama yake alifariki Novemba ya mwaka uliotangulia. Nauli ya watu wawili hatukuwa nayo, na karatasi zetu za kuishi huku zilikuwa katikati ya safari yake, ukitoka hujui kama utarudi. Alizika kwa simu. Alikaa kwenye sofa usiku wa manane amevaa shati jeupe na tai, anaangalia kaburi la mama yake kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, mtandao unakatika anapiga tena, unakatika anapiga tena. Saa kumi na moja alfajiri akaenda kazini. Mimi nilirudi asubuhi nikakuta shati kwenye kiti. Hatukuwahi kulizungumza. Nilijiambia hataki kusumbuliwa, naye, kumbe, alikuwa anajiambia mimi nimechoka.

Mle kwenye makangaga alizungumza karibu saa nzima. Jinsi mama yake alivyokuwa anachoma viazi kwenye majivu. Jinsi alivyouza ng'ombe ili yeye aende chuo cha ualimu. Sikumwambia neno la kumfariji, nilimshika mkono tu, na kwa kuwa hewa ya mle ina unyevu, hatukupigwa shoti.

Jumapili ya nne tulikwenda Minnehaha kuona maporomoko yaliyoganda. Maji yanaanguka kama mita 16, na wakati wa baridi huwa nguzo ya barafu ya rangi ya buluu na kahawia kidogo, imepindana kama nta ya mshumaa. Ukitega sikio unasikia maji bado yanatembea ndani. Ngazi za kushukia zilikuwa zimefungwa, na kuna watu waliruka kizuizi kwenda nyuma ya pazia la barafu. Sisi tulibaki juu. Nilimwangalia pua, akaniangalia pua, tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, tukarudi. Iliyofuata ilikuwa sikukuu ya baridi ya Saint Paul, ambayo walianza kuifanya mwaka 1886 baada ya mwandishi mmoja wa New York kuuita mji wao Siberia nyingine isiyofaa kuishi binadamu. Wakamjibu kwa kujenga kasri la barafu. Tuliangalia mafundi wakichonga ndege na samaki kwa misumeno na patasi, watoto wamejaa, nikasema moyoni hawa wameamua.

Jumapili ya sita hatukwenda popote. Usiku wake theluji ilianguka nyingi, jiji likatangaza hali ya dharura ili magreda yapite, na siku hiyo kuna upande wa barabara usioruhusiwa kuegesha gari. Tangazo lilikuja kwenye simu ya mmoja wetu, na kila mmoja alidhani mwenzake ameliona. Gari likavutwa. Kulikomboa kulikula zaidi ya bei ya makoti yetu, na tulisimama foleni kwenye yadi ya magari tukiwa na njaa. Zamani siku kama ile ingetuharibia mwezi. Ila nilipogeuka kumlaumu nilikuta ananiangalia usoni, shavu la kushoto kisha la kulia, kwa makini, kama daktari. “Uko sawa,” akasema. Hasira haikuisha, lakini sikuwa na mahali pa kuitupia.

Sasa nije kwenye siku niliyotaka kuieleza tangu mwanzo.

Mwenzangu mmoja wa kazini, mzaliwa wa huku, alitualika kwenda kuvua naye na mkewe Mille Lacs kabla msimu wa samaki aitwaye walleye haujafungwa mwishoni mwa Februari. Ni ziwa kubwa, mwendo wa karibu saa mbili kaskazini. Kuvua kunahitaji leseni, na nilipokwenda kuikata muuzaji aliniuliza nataka ya mtu mmoja au ya mume na mke. Jimbo hili lina leseni ya wanandoa, karatasi moja, majina mawili. Nilitaka hiyo hata kabla sijauliza bei.

Asubuhi tukafika ukingoni na gari halikusimama. Lilishuka kwenye ziwa. Kuna barabara juu ya barafu, iliyokwanguliwa theluji, na mtu anayeitunza anatoza ada ya kupita. Mwenyeji wetu akatuambia tufungue mikanda na tushushe vioo, ili likitokea la kutokea tutoke haraka, kisha akaendesha polepole kama anabeba mayai. Huu ni utaratibu wao, alisema kwa utulivu kabisa. Mimi ni binti wa mvuvi. Baba amenifundisha kuogopa maji kwa heshima tangu nina miaka mitano, na mwili wangu wote ulikuwa unakataa. Nilimshika mume wangu paja mpaka akaniomba nilegeze kucha.

Tulipoteremka, mwenyeji akachukua keekee kubwa ya kutobolea barafu akaanza kuizungusha. Vipande vyeupe vikarundikana kama nazi iliyokunwa. Ikazama, ikazama, mpaka maji yakabubujika. Akapima kwa fimbo yenye ndoano: zaidi ya inchi ishirini. Kwa mtu anayetembea, wataalamu wa jimbo wanataka angalau inchi 4 za barafu ngumu isiyo na theluji ndani yake. Nikapumua.

Ndipo ziwa likalia.

Sijui niieleze vipi. Ilianza mbali, ikapita chini ya miguu yetu kama ngoma kubwa inayokimbia, ikamalizikia upande wa pili kwa sauti nyembamba ya waya uliokatika. Nilipiga yowe. Nilikuwa nimeshageuka kukimbia, nisijue nakimbilia wapi, na mume wangu akanishika mabega.

“Sikiliza,” akasema. “Usiogope. Inatanuka.”

Akaanza kunieleza. Jua limetoka, barafu ya juu inapata joto, inataka nafasi na haina pa kwenda, kwa hiyo inapasuka nyufa za juu juu na kupiga kelele. Barafu nene hulia kwa sauti nzito zaidi. Akachuchumaa kwenye tundu. Karibu kila kitu kikipoa kinazidi kuwa kizito, alisema, na maji ni hivyo hivyo mpaka yafike digrii 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo yanarudi kuwa mepesi, yanapanda juu, yanaganda juu. Yale ya digrii 4 yanabaki chini, na samaki wanaishi humo. Kama maji yangefuata kawaida ya vitu vingine, ziwa lingeganda kuanzia chini kwenda juu, na hapa pasingekuwa na samaki hata mmoja. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye theluji, mishale inashuka, mishale inapanda, namba pembeni.

Mwenyeji na mkewe walikuwa wameacha kazi wanamsikiliza. Na mimi nilikuwa namwangalia. Mume wangu alifundisha fizikia miaka saba. Nilimpenda akiwa na chaki kwenye mkono wa shati. Tangu tuje huku nilikuwa namjua kama mtu anayerudi amechoka na mgongo unamuuma, na sikuwa nimemsikia akifundisha kitu tangu siku tulipofunga mizigo. Sauti ilikuwa ile ile. Akimaliza jambo anauliza “tuko pamoja?” halafu anasubiri kweli.

“Tuko pamoja, mwalimu,” nikamjibu kwa Kiswahili, na akaangalia chini.

Kisha ikawa zamu yangu. Walitupa vijiti vifupi vya kuvulia na chambo cha visamaki hai. Mume wangu alikuwa anakivuta kijiti kila kinapotikisika, anatoa ndoano tupu. Nikamwambia aache kijiti. Nikavua glavu, nikaulaza mshipi juu ya kidole cha shahada, kama baba alivyonifundisha ndani ya ngalawa, nikamwekea na yeye hivyo hivyo. “Hapa. Macho hayavui, kidole ndicho kinavua. Atadonoa mara mbili, utamwacha. Ya tatu atatia uzito. Hapo.” Tulikaa kwenye viti vya kukunja magoti yamegusana, mshipi mmoja, vidole viwili, kama mita nane za maji meusi chini yetu. Aliniuliza mambo ya ngalawa ambayo hakuwahi kuniuliza kwa miaka yote ya ndoa. Nikamweleza taa za karabai usiku, na jinsi mama alivyokuwa hali mpaka aone tanga.

Alidonoa mara mbili. Mume wangu akazuia pumzi. Ya tatu ikatia uzito, nikasema “sasa!”, na akavuta.

Walleye ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na matope, na jicho lake linang'aa likipigwa na mwanga kama la paka. Ziwa hili lina sheria zake za urefu wa samaki unayeruhusiwa kuondoka naye. Mwenyeji akampima kwa rula, hakufikia. Kabla hatujamrudisha nilipiga simu nyumbani. Ilikuwa saa tatu asubuhi kwetu, saa kumi na mbili jioni Tanga, baba yuko barazani na redio yake.

“Shikamoo, baba. Tazama.”

“Marahaba.” Akaisogeza simu karibu na jicho. “Samaki gani huyo? Mmempata wapi?”

“Ziwani, baba. Tumekaa juu ya ziwa.”

Gari likapita nyuma yetu. Nilimwona anavyolifuata kwa macho mpaka likatoka kwenye kioo. Mzee aliyekaa baharini miaka arobaini.

“Hilo limepita juu ya maji?”

“Juu ya barafu.”

“Na chini yake?”

“Maji, baba.”

Akanyamaza. Nikasikia mama akiuliza kuna nini, naye akimwambia subiri. Kisha akasogea tena. “Mwenzio yuko wapi?”

“Huyu hapa.”

“Mwambie asikae mbali na wewe.”

Nikataka kumjibu, simu ikazima. Baridi hula betri. Tulimrudisha samaki kwenye tundu, akakaa kidogo kama anayefikiri, akapiga mkia akazama. Nikamgeukia mume wangu. Ncha ya pua yake ilikuwa imeanza kuingia rangi ya majivu. Nikavua glavu, nikapulizia kiganja changu pumzi, nikakiweka pale, na tukakaa hivyo mpaka akasema anaanza kusikia.